Michirizi Juu ya Mkia

Hii ilikuwa siku ya tatu Clifford Utting anachungulia uani kwa jirani yake akiwa amesimama juu ya ukingo wa bafu. Mtu mzima wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa hesabu, yuko na soksi bila viatu, mkono mmoja umeng'ang'ania bomba la maji na mwingine umeshika darubini. Dirisha la bafuni, huko ghorofani, ndilo pekee lililopita urefu wa wigo wa miiba, na kila alipolifungua baridi ya Januari ilimpiga mpaka mbavuni. Alivumilia. Akashuka, akaenda jikoni, akatazama uani kwake, akapanda tena. Tangu asubuhi alikuwa amepanda ngazi zile mara kumi na nne, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kulalamika.

Uani kwake hakukuwa na kitu, na hilo ndilo lililomtia uchungu. Clifford alikuwa na vyombo saba vya kulishia ndege: mabomba mawili ya mbegu ndogo nyeusi, mawili ya alizeti, viwili vya waya kwa karanga, na meza ya mbao yenye paa aliyoipigilia misumari mwenyewe. Kila Ijumaa aliviteremsha vyote akavisugua kwa brashi na maji ya moto. Majani yake yalikuwa yamekatwa sawasawa. Mti wake wa gome jeupe aliung'oa vuli iliyopita kwa kosa la kuangusha takataka juu ya paa la kibanda. Ng'ambo ya wigo, Bi Beryl Gotts alikuwa na mfuko mmoja mwekundu wa nyavu uliojaa karanga, chombo cha plastiki kilichopasuka na kufungwa kwa soksi ndefu ya kike, magugu ya kufika magotini, na mti wa gome jeupe ambao haukuwa umeguswa na msumeno tangu mumewe alipofariki. Ndege wote wa kijiji cha Wickenhoe walikuwa kwake.

Basi Jumanne, saa nne asubuhi, kundi la chiriku wa paji jekundu lilitua kwenye mti ule wa Bi Beryl, kama thelathini hivi, wakaanza kuning'inia vichwa chini wakila mbegu. Mmoja wao alikuwa mweupe.

Mtu asiyefuata ndege atauliza, mweupe, halafu iweje? Iweje! Chiriku wa paji jekundu wa kawaida ni kidude cha kahawia chenye michirizi mwili mzima. Lakini huko juu kaskazini, ambako hata miti imekata tamaa ya kuota, yuko nduguye mweupe, na mara moja moja upepo humtupa kusini. Tofauti yao kubwa iko mahali ambapo ndege hupafunika kwa mbawa: pale juu ya mkia. Wa kawaida ana michirizi pale. Mweupe hana hata mmoja, ni pamba tupu. Katika kaunti ile, mpaka Januari hiyo ya mwaka tisini na sita, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekubaliwa. Na hilo neno "kukubaliwa" lilikuwa limemla Clifford kwa miaka minane.

Miaka minane nyuma alimwona mmoja. Alitua kwenye ile meza yake ya mbao, akakaa dakika nne, akaenda zake. Clifford alimchora kwa penseli, akaandika kurasa mbili, akapeleka kwa kamati ya kaunti. Hiyo kamati ni watu watano. Ukiona ndege wa ajabu unawaandikia, nao wanapiga kura ya siri kama umeona au hukuona. Baada ya miezi miwili mchoro wake ulirudi kwa posta pamoja na nusu karatasi iliyopigwa taipu neno moja: Haikuthibitishwa. Hawakuandika kwamba ni mwongo. Watu wale ni wastaarabu. Lakini kwenye mkutano wa chama cha ndege mtu mmoja alisema ameona njiwa mweupe juu ya paa la benki, na mwingine akajibu, "Mwite Cliff aje athibitishe." Ukumbi ukaangua kicheko. Clifford alicheka nao mara ile. Mara ya pili akachukua koti lake, na hakurudi tena.

Kati ya wale watano wa kamati alikuwemo Maurice Thirtle. Huyu hakuwa mtu wa kando. Miaka thelathini walikuwa wamekaa pamoja kwenye tuta la bahari, mvua ikiwapiga, wakinywa chai ya chupa moja. Maurice ndiye aliyemfundisha kutazama. Sasa wiki moja baada ya kura walikutana mbele ya posta, na Maurice akamsalimu huku anatazama viatu vyake mwenyewe. Viatu! Clifford alielewa palepale ni nani aliyemchinja. Akapita bila kujibu, na tangu siku hiyo hawakuwahi kusemezana.

Kwa hiyo hakuwa anatafuta ndege tu pale juu ya bafu. Alikuwa anatafuta jina lake. Picha moja safi, inayoonyesha pale juu ya mkia, na kamati ingelazimika kumkubali wa leo. Wakimkubali wa leo, watawezaje kukataa kufungua tena faili la yule wa kwanza? Barua alikwisha kuiandika kichwani, pamoja na mahali pa kuwatia aibu. Kilichobaki ni ndege kugeuka, naye ndege hakugeuka. Kutoka bafuni alimwona kifua, akamwona ubavu, akaliona lile paji jekundu, lakini pale penyewe palikuwa daima nyuma ya tawi.

Ijumaa uvumilivu ulimwisha. Hakuviteremsha vyombo vyake wala hakusugua kitu. Alivaa mabuti ya mpira, akachukua kamera, akatoka akapiga magoti kwenye theluji na kuingiza kichwa ndani ya wigo.

"Bwana Utting!"

Alishtuka, mwiba ukamchana sikio. Bi Beryl alikuwa amesimama upande wa pili, mwanamke mfupi mwenye koti la marehemu mumewe, ndoo ya makaa mkononi.

"Unatafuta nini kwenye wigo wangu? Kama ni nguo zangu za ndani, leo sikuanika."

"Natazama ndege," alisema Clifford, uso ukimwiva.

"Ndege wangu?"

"Ndege hawana mwenyewe, Bi Gotts."

"Karanga zina mwenyewe. Anayekula karanga zangu ni wangu. Na wewe inuka hapo, utapata homa ya mapafu, halafu waseme nimekuua mimi."

Hawa wawili hawakuwa wamezungumza kwa mdomo kwa miaka mitatu. Ugomvi ulikuwa wa paka. Paka wa Bi Beryl, dume kubwa la rangi ya chungwa liitwalo Admirali, lilikuwa limekamata ndege mmoja mezani kwa Clifford, naye Clifford, badala ya kugonga mlango kama mtu, akatumbukiza karatasi kwenye tundu la barua: Mnyama wako ni muuaji. Mfunge kengele. Kesho yake karatasi ikarudi kwa njia ileile: Amefungwa. Na wewe utafungwa lini? Tangu hapo, neno lolote walilokuwa nalo, la takataka au la maji yaliyoganda, lilipita kwenye tundu la mlango.

"Kuna mmoja mweupe," Clifford alisema, bado amepiga magoti. "Sijui kama umemwona."

"Nani, Bibi Unga?"

"Bibi nani?"

"Unga. Yule aliyekaa kama ametumbukia kwenye pipa la unga. Namwona tangu wiki ya Krismasi. Mkorofi kweli, anawafukuza wenzake kwenye chombo."

Clifford alihesabu kwa vidole. Wiki tatu. Ndege aliyemkosesha amani miaka minane alikuwa amekaa wiki tatu hatua thelathini kutoka kitandani kwake, anakula kwenye soksi ya kike.

"Wiki tatu! Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Wewe? Kwa barua?" Bi Beryl aliweka ndoo chini. "Unataka kumwona vizuri, eti? Kutoka jikoni kwangu anaonekana mpaka kope. Lakini utaingia kwa mlango wa mbele kama binadamu. Na kabla hujaketi, utamwomba radhi Admirali."

"Nimwombe radhi paka?"

"Basi kaa na miiba yako."

Alizunguka kwa mlango wa mbele. Admirali alikuwa amelala kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, na Clifford, aliyefundisha hesabu vizazi viwili vya kijiji kile, aliinamisha kichwa akasema, "Samahani kwa kukuita muuaji." Paka alifumbua jicho moja, akalifumba. Bi Beryl akacheka mpaka akashika meza. Akamhamisha paka, akamketisha mgeni, akateleka birika.

Kutoka kiti kile mpaka kwenye chombo kilichofungwa soksi hakukuwa na hatua nne. Clifford hakuwahi kukaa karibu na ndege namna ile. Lakini hakutulia. Aliweka kamera mezani, akaichukua, akafuta kioo, akaangalia kama filamu imezunguka, akaangalia tena. Chai ikaletwa ikapoa. Mguu wake ulikuwa unadunda chini ya meza mpaka vijiko vikalia.

"We mwanamume una minyoo?" Bi Beryl aliuliza.

Hapo kundi likatua. Wakaja wa kahawia watano, sita, wakigombana, kisha akashuka yeye kutoka kwenye tawi, akawatawanya wote, akachukua nafasi ya juu. Alikuwa mnene wa manyoya, mdomo mdogo kama uliosukumwa ndani kwa kidole, suruali nyeupe mpaka miguuni. Clifford alipiga picha moja, mbili. Upepo ukavuma, mbawa zikaachana, naye akageuka akampa mgongo kwa utaratibu, kama mtu anayejipima nguo dukani. Palikuwa peupe. Peupe pote, bila doa, upana wa kidole gumba. Clifford alipiga picha kumi na mbili kwa pumzi moja.

Kisha akashusha kamera, akabaki anatazama kwa macho tu. Hapo ndipo furaha ilipomwishia.

Maana yule wa miaka minane iliyopita hakuwa hivi.

Hakuna aliyemwambia. Aliona tu, jinsi unavyomwona mtu usoni ukajua siye uliyekuwa ukimngoja. Yule wa kwanza alikuwa mweupe, ndiyo, ila wa weupe wa wale wa kahawia waliopauka. Mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko huu. Na alikuwa na michirizi. Clifford alikumbuka sasa, na kukumbuka kwenyewe kulimchoma, kwa sababu hakuwa amesahau, alikuwa amejikataza. Aliichora ile michirizi kwa penseli siku ileile, midogo, juu ya mkia. Jioni akajiambia ilikuwa vivuli tu vya paa la meza. Akachukua raba akaifuta.

"Umeona ulichotaka," alisema Bi Beryl, "mbona umekaa kama mtu aliyefiwa?"

Akamweleza. Hata yeye hakujua kwa nini alimweleza mwanamke ambaye jana angemwandikia karatasi. Alimweleza ndege wa kwanza, kura, kicheko cha ukumbini, Maurice na viatu vyake, na raba.

Bi Beryl alisikiliza huku anamkuna Admirali. "Sasa tatizo liko wapi? Picha unazo. Tuma, nyamaza. Ndege wa zamani nani atamchunguza?"

"Ndivyo nitakavyofanya," alisema Clifford, akaanza kuvaa koti.

"Maurice Thirtle huyu ndiye mume wa Sylvia?"

"Ndiye."

"Nilikuwepo kumzika Sylvia. Mwaka juzi, Oktoba. Watu walijaa mpaka nje. Wewe sikukuona."

"Sikwenda," Clifford alisema. Aliisoma habari ile kwenye gazeti la wilaya. Alipiga pasi shati, akavaa tai nyeusi, akakaa kwenye ngazi za nyumbani kwake mpaka kengele ya kanisa ikanyamaza, akaivua ile tai. Sylvia alikuwa akimpikia kila Jumapili, tangu Clifford alipoachwa na mke. Hilo hakumwambia Bi Beryl.

Jumamosi asubuhi alikaa kuiandika ile barua. Ilianza vizuri. Tarehe, mahali, hali ya hewa, umbali. Akafika kwenye sentensi isemayo kwamba ndege huyu anafanana kabisa na yule niliyewaletea mwaka themanini na nane, na kalamu ikagoma. Alitembea mpaka dirishani. Akarudi. Akaandika "anafanana", akakata, akaandika "anakumbusha", akakata hilo pia. Akachemsha maji, akasahau kuyatumia. Akapanda bafuni na kushuka bila hata kufungua dirisha. Mwishowe akaenda kutoa lile faili la zamani kabatini, akaichomoa karatasi ya mchoro, akaisogeza kwenye mwanga.

Safi. Raba ilifanya kazi yake. Lakini alipoiinamisha upande, mwanga wa theluji ukapita juu yake, akaviona vijifereji. Penseli ilikuwa imekandamiza karatasi, na raba haifuti alama ya kukandamiza. Vilikuwa saba, vifupi, juu ya mkia. Mtoto angeviona, mradi tu ajue kuiinamisha karatasi. Na aliyemfundisha Clifford kwamba mchoro wa ndege lazima uuinamishe, uone mkono wa mtu ulianza na nini kabla hajabadili mawazo, alikuwa Maurice.

Kwa hiyo Maurice aliona. Maurice aliijua raba, na neno hilo hakulisema popote. Kama angelisema, kile kicheko cha ukumbini kingekuwa kitu kingine kabisa. Clifford asingeweza kununua mkate kijijini. Maurice alimpigia kura ya kumkataa, sawa, kura ya haki. Halafu akafunga mdomo miaka minane, na malipo yake yakawa kupitwa njiani kama nguzo.

Nambari ya simu vidole vyake viliikumbuka vyenyewe.

"Thirtle," sauti ikajibu.

"Ni Cliff."

Upande wa pili kiti kiliburuzwa sakafuni.

"Cliff yupi?"

"Kwani unawajua wangapi?"

"Nilikuwa namjua mmoja."

"Ndiye. Njoo kesho saa tatu, nyumba ya Bi Beryl Gotts, jirani yangu. Njoo na darubini."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Njoo tu, bwana, usiniulize mengi kwenye simu."

Maurice alifika saa tatu kasoro dakika tano. Alikuwa amezeeka. Clifford hakulitegemea hilo. Kichwani mwake adui alikuwa amebaki na miaka sitini na mmoja. Nyonga imeharibika, anatembea kwa fimbo, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Walipeana mikono mlangoni kwa Bi Beryl kama watu waliokutana ofisi ya serikali.

"Karibuni mkae," alisema Bi Beryl. "Leo hakuna kuomba radhi paka, nimemfungia chumbani. Sukari vijiko vingapi?"

Walikaa bega kwa bega, wote wawili macho dirishani, kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kuliko kutazamana. Ndege hawakuja. Ilipofika saa tatu na nusu kipanga alipita juu ya magugu kama jiwe lililorushwa, na hata shomoro wakatoweka. Saa nne, kimya. Clifford aliinuka, akaketi, akainuka, akagusa pazia.

"Keti, Cliff. Unawatisha."

"Juzi alikuwepo. Muulize Bi Gotts."

"Sijasema hakuwepo."

"Najua unachowaza."

"Hujawahi kujua ninachowaza," alisema Maurice polepole. "Hilo ndilo lilikuwa tatizo."

Bi Beryl akakohoa, akaongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Saa nne na robo wakaja. Wa kahawia kwanza, kisha Bibi Unga akashuka na ukorofi wake, akamng'oa mwenzake kwenye chombo, akageuza mgongo. Maurice alinyanyua darubini. Alitazama dakika nzima.

"Ndiye," alisema. "Mungu wangu. Ndiye, Cliff. Hongera."

Clifford alitoa karatasi ya mchoro ndani ya koti, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Huyu hapa hakuwa ndiye. Alikuwa na michirizi. Niliichora, nikaifuta kwa raba. Nilitaka sana awe yeye. Mlikuwa na haki ya kunikataa, na wewe ulikuwa na haki kuliko wote. Nimekuita ili nikuambie hivyo, ukiwa unamtazama wa kweli."

Maurice hakuigusa karatasi. "Najua. Niliziona alama siku ileile ilipotufikia."

"Na hukuwaambia."

"Sikuwaambia."

"Ulipiga kura yako ukanyamaza. Na mimi nikakufanya adui."

"Cliff." Maurice alishusha darubini. Sasa alimtazama, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu mbele ya posta. "Waliokataa walikuwa wanne. Kura moja ilikuwa ya kukubali. Hiyo ilikuwa yangu."

Clifford aliuvuta mchoro upande wake.

"Nilijua si kweli, nikaandika ni kweli. Miaka ishirini ndani ya kamati, uongo wangu ni huo mmoja. Ndiyo maana pale posta sikuweza kukutazama. Nilikuwa najionea haya mwenyewe. Nikadhani wewe umeligundua na unanidharau kwa hilo."

"Nilidhani umenichinja."

"Basi."

Bi Beryl alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, mkono mdomoni.

"Miaka minane," Clifford alisema. "Na Sylvia."

"Sylvia." Maurice alikizungusha kikombe kwenye kisahani. "Alikuulizia mpaka mwisho. Yuko wapi Cliff, mbona haji. Nilishindwa kumwambia. Ilikuwa Oktoba, na Oktoba watu wetu wote wako visiwani kule kaskazini wanangoja ndege adimu wanaoletwa na upepo. Nikamwambia uko huko, meli hazitoki kwa sababu ya dhoruba. Aliamini. Alisema, akirudi mwambie aje anionyeshe picha." Akakiacha kikombe. "Kwa hiyo uongo wangu ni miwili, si mmoja. Yote miwili kwa ajili yako."

Clifford alilia. Alilia kama wanavyolia wanaume wasio na mazoezi, kwa kelele, mikono miwili kwenye meza ya jirani, na hakujali nani anamwona. Aliwaza ile tai nyeusi na zile ngazi, kengele ikilia, na yule mama ambaye siku chache kabla yake alikuwa bado anamngoja avuke bahari. Alipoweza kusema alijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo alichopewa na Bi Beryl.

"Amelala wapi?"

"Nyuma ya kanisa. Upande wa ukuta wa kaskazini."

"Nipeleke."

"Sasa? Cliff, ndege yuko hapo. Hujamtazama hata kidogo leo."

"Nipeleke, Maurice."

"Ni saa za ibada. Watu wote watakuwepo, na chama kizima cha ndege kiko kwenye kwaya. Watatuona."

"Watuone," alisema Clifford. Alimshikia Maurice koti mpaka mikono ikaingia, akamkamata kiwiko kwenye kizingiti kwa sababu ya barafu, na hapo mlangoni, kabla hawajapiga hatua, akamwambia kwa sauti kwamba yeye Clifford alikuwa mpumbavu na kwamba anaona aibu, akamwomba asimwachie mkono watakapofika.